Hiperglisemia ya wagonjwa mahututi

Hiperglisemia ya wagonjwa mahututi ni kupanda kwa kiasi cha glukosi katika damu ya mtu aliyelazwa hospitalini akiwa katika hatari ya kufa kwa sababu ya ugonjwa mkali, jeraha kubwa, kuungua au upasuaji mzito. Inaweza kumpata mwenye ugonjwa wa kisukari, lakini pia mtu ambaye hajawahi kuwa nao. Kwa huyo wa pili mara nyingi huitwa sukari ya msongo, kwa kuwa inasababishwa na homoni ambazo mwili unazitoa ukiwa katika shida.

Jina "hiperglisemia" linatokana na maneno ya Kigiriki hyper (kupita kiasi), glykys (tamu) na haima (damu). Wodini watu husema tu kwamba "sukari imepanda".

Mtu mwenye afya ambaye hajala huwa na glukosi ya milimoli 4 hadi 6 hivi kwa kila lita ya damu. Kwa mgonjwa mahututi, miongozo mingi ya kimataifa inashauri kuanza tiba ya insulini pale kipimo kinapofika milimoli 10 kwa lita au zaidi. Lengo la tiba hiyo si kuirudisha sukari katika kiwango cha mtu mwenye afya, bali kuishusha hadi milimoli 8 au 10 na kuishikilia hapo, kwa sababu sukari iliyoshuka mno inaua haraka kuliko iliyopanda.

Katika Afrika walio wengi kati ya wagonjwa hao hawalazwi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Utafiti wa hospitali 180 katika nchi 22 za bara hilo, uliotolewa mwaka 2025, ulikuta kwamba mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa alikuwa mahututi, na kwamba asilimia 69 ya hao walikuwa wakitibiwa katika wodi za kawaida. Ndiyo hali ya maeneo kama ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita nchini Tanzania, unaozungumziwa kwa urefu hapa chini.

Jinsi sukari inavyopanda

Damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, kwa kawaida hubeba gramu 4 au 5 tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho kidogo kinatosha kwa sababu ini linaongeza glukosi kadiri ubongo, misuli na viungo vingine vinavyoitumia, huku insulini inayotoka katika kongosho ikiiwezesha glukosi kuingia katika seli za misuli na za mafuta.

Mtu akiumia vibaya, akipoteza damu nyingi au akishambuliwa na maambukizi makali, mizani hiyo inavurugika. Tezi za adrenali zinatoa adrenalini na kortisoli kwa wingi, na kongosho linatoa glukagoni. Homoni hizo zinaliamuru ini livunje akiba yake ya glikojeni, kisha litengeneze glukosi mpya kutokana na protini za misuli na vitu vingine vilivyomo mwilini. Wakati huohuo seli za misuli zinaacha kuiitikia insulini vizuri, hali inayochochewa pia na saitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga zinazitumia kupelekeana habari wakati wa uvimbe na maambukizi. Basi glukosi nyingi inaingia katika damu, na kidogo tu inatoka.

Kwa saa za kwanza jambo hilo lina maana yake. Ubongo na seli za kinga hazihitaji insulini ili kupata glukosi, hivyo zinaendelea kulishwa hata kama aliyejeruhiwa hawezi kula. Lakini tiba ya kisasa inamwezesha mtu kubaki katika hali hiyo kwa siku nyingi, pengine wiki kadhaa, na hapo kilichokuwa msaada kinageuka kuwa mzigo.

Tiba yenyewe huongeza tatizo. Dawa za steroidi, kama vile haidrokotisoni na deksamethasoni, hupandisha sukari hata kwa mtu asiye na kisukari. Jambo hilo lilionekana sana wakati wa janga la UVIKO-19, baada ya jaribio lililofanyika Uingereza mwaka 2020 kuonyesha kwamba deksamethasoni inapunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Adrenalini inayotiwa kwa dripu ili kuinua shinikizo la damu hufanya vilevile. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari katika kila lita, yaani zaidi ya mara 10 ya sukari yote iliyomo katika damu ya mtu mzima. Watu wengi huiita dripu ya kuongeza nguvu na huiomba wenyewe. Kwa mgonjwa ambaye mwili wake umeikataa insulini, nguvu hiyo inaishia katika mkojo.

Ziko pia sumu zinazopandisha sukari, hasa viuadudu vya jamii ya oganofosfati vinavyotumika mashambani.

Madhara

Figo huanza kushindwa kuirudisha glukosi yote katika damu pale inapopita milimoli 10 hivi kwa lita. Ikipita hapo, sukari inatoka katika mkojo na kuvuta maji pamoja na chumvi. Mgonjwa anakojoa sana, anakauka, na shinikizo lake la damu linashuka wakati uleule ambapo madaktari wanajaribu kuliinua. Aliyepoteza fahamu hawezi kusema kwamba ana kiu.

Sukari nyingi hudhoofisha seli nyeupe za damu, ambazo zinachelewa kufika penye vijidudu na zinashindwa kuviua vizuri. Kwa sababu hiyo vidonda vya upasuaji huoza kwa urahisi zaidi, na maambukizi ya damu na ya mapafu huongezeka. Kuta za mishipa midogo ya damu zinaathirika pia, na aliyepata kiharusi au jeraha la kichwa huwa na hatari kubwa zaidi ya ubongo kudhurika.

Hata hivyo ni vigumu kutenganisha madhara ya sukari na madhara ya ugonjwa ulioipandisha. Anayeumwa zaidi ana homoni za msongo nyingi zaidi, kwa hiyo ana sukari ya juu zaidi, na ndiye anayekufa zaidi; sukari inaweza kuwa muuaji, tena inaweza kuwa shahidi tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 nchini Marekani, katika hospitali moja ya Atlanta, uliwachunguza wagonjwa 2,030. Waliokuwa na sukari ya kawaida walikufa asilimia 1.7, wenye kisukari kilichojulikana asilimia 3, lakini wale ambao sukari yao ilikuwa juu bila ya kujulikana kuwa na kisukari walikufa asilimia 16. Yaani sukari ya juu kwa mtu asiye na historia ya kisukari ni alama ya hatari kuliko kwa yule aliyeishi nayo kwa miaka.

Historia ya tiba

Katika karne ya 19 mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard aligundua kwamba ini hutengeneza sukari, akaona pia kwamba sukari hupanda katika damu ya mnyama aliyetokwa na damu nyingi. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mwaka uliofuata ikaanza kuokoa wenye kisukari. Lakini kwa miaka mingi baadaye madaktari waliichukulia sukari ya msongo kuwa jibu la kawaida la mwili, wakaiacha hadi ilipopita milimoli 12 hivi kwa lita.

Mwaka 2001 daktari Greet Van den Berghe na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo yaliyobadilisha desturi hiyo. Waliwagawa wagonjwa 1,548 wa chumba cha mahututi cha upasuaji katika makundi mawili: la kwanza walipewa insulini ya kutosha ili sukari ibaki kati ya milimoli 4.4 na 6.1, la pili walitibiwa kwa desturi ya zamani. Vifo ndani ya chumba hicho vilishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 4.6. Habari ilienea haraka, na hospitali nyingi za nchi tajiri zikaanza kuishusha sukari ya kila mgonjwa mahututi hadi kiwango cha mtu mwenye afya.

Wengine waliporudia jaribio hilo hawakuona faida ileile. Van den Berghe mwenyewe, mwaka 2006, alitoa matokeo ya wagonjwa 1,200 wa chumba cha mahututi kisicho cha upasuaji, na safari hii vifo kwa jumla havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Jaribio la Ujerumani lililotolewa mwaka 2008 lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu sukari ilishuka mno kwa wagonjwa wengi mno.

Uamuzi ulitokana na jaribio kubwa lililoitwa NICE-SUGAR, lililotolewa mwaka 2009. Liliwahusisha wagonjwa 6,104 katika Australia, Nyuzilandi, Kanada na Marekani. Waliotibiwa kwa ukali walikufa asilimia 27.5 ndani ya siku 90. Walioachwa na sukari ya milimoli 10 au chini yake walikufa asilimia 24.9. Sukari kushuka hadi milimoli 2.2 au chini zaidi kulitokea kwa asilimia 6.8 ya kundi la kwanza na asilimia 0.5 tu ya kundi la pili. Tiba iliyosifiwa kwa miaka 8 ilikuwa ikiua watu.

Tofauti kati ya Leuven na kwingineko inaelezwa kwa sehemu na chakula. Wagonjwa wa Leuven, wengi wao wakiwa wamepasuliwa moyo, walipewa glukosi nyingi kwa mshipa tangu siku ya kwanza, hivyo huenda insulini ilikuwa inasahihisha sukari iliyotiwa na hospitali yenyewe. Mwaka 2023 kundi hilohilo la Ubelgiji lilitoa jaribio jingine la wagonjwa 9,230 ambao hawakulishwa mapema kwa mshipa, na insulini iliongozwa na programu ya kompyuta. Safari hii kudhibiti sukari kwa ukali hakukupunguza siku za kukaa katika chumba cha mahututi wala vifo.

Kupima

Dalili hazitoshi. Kiu na kukojoa sana havionekani kwa mtu aliyelala bila fahamu, na kuchanganyikiwa kunaweza kuletwa na sukari ya juu, sukari ya chini, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo au pombe. Kwa hiyo mgonjwa mahututi anapaswa kupimwa sukari mara anapofika, kisha kupimwa tena na tena.

Kipimo cha kawaida ni tone la damu ya kidole katika mashine ndogo ya kupima sukari. Ni chepesi, lakini kinadanganya kwa njia zinazojulikana. Kidole kilichoshika embe au soda kinatoa namba kubwa ya uongo. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu anaonekana ana sukari ya juu kuliko aliyo nayo, na huo ni upungufu wa kawaida kwa watoto wenye malaria kali. Katika mshtuko wa mzunguko wa damu, mikono ikiwa ya baridi, damu ya kidole haiwakilishi damu ya mwili mzima. Damu ikichukuliwa katika mkono uleule unaopokea dripu ya glukosi, kinachopimwa ni dripu. Tena sampuli ya maabara ikikaa bila kushughulikiwa, seli za damu zinaendelea kula glukosi, nayo inapungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa.

Mashine nyingine husoma kwa miligramu kwa desilita badala ya milimoli kwa lita. Kubadilisha, milimoli huzidishwa kwa 18: milimoli 10 ni miligramu 180. Namba ikiandikwa bila kipimo chake katika karatasi ya rufaa, anayeipokea anaweza kubaki akikisia.

Ili kujua kama mgonjwa alikuwa na kisukari kabla ya kuugua hupimwa himoglobini iliyoshikana na glukosi (HbA1c), inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 au 3 iliyopita. Asilimia 6.5 au zaidi inaashiria kisukari cha tangu zamani. Kipimo hicho hakiaminiki kwa aliyeongezewa damu karibuni wala kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, ambaye chembe zake nyekundu hazidumu muda wa kawaida.

Matibabu

Kwanza hutafutwa sababu. Jipu lisipopasuliwa, maambukizi yasipotibiwa na maumivu yasipotulizwa, sukari haitatulia hata insulini iwe nyingi namna gani. Dripu ya glukosi isiyo ya lazima inaondolewa na aliyekauka anapewa maji ya chumvi. Mara nyingi hatua hizo peke yake zinaishusha sukari kwa kiasi kikubwa.

Ikibaki kwenye milimoli 10 au zaidi, insulini inayofanya kazi haraka hutiwa katika mshipa kwa pampu, kidogokidogo, huku sukari ikipimwa kila saa mpaka itulie, kisha kila baada ya saa kadhaa. Kudunga chini ya ngozi hakufai kwa aliye katika mshtuko, kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye ngozi: insulini inakaa pale bila kazi, kisha mzunguko ukirudi inaingia yote kwa pamoja. Insulini husukuma pia potasiamu kutoka katika damu kuingia katika seli. Potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kusimama, kwa hiyo nayo inapaswa kupimwa.

Hali mbili za kisukari chenyewe hutibiwa kwa utaratibu wao tofauti, nazo zisichanganywe na sukari ya msongo. Ya kwanza ni kujaa kwa asidi za ketoni katika damu kwa kukosa insulini: mgonjwa anatapika, tumbo linamuuma, anavuta pumzi nzito na ndefu, na kinywa chake kinaweza kunuka kama tunda lililoiva sana. Ya pili ni sukari ya juu kupindukia, zaidi ya milimoli 33, pamoja na kukauka vibaya, ambayo hutokea hasa kwa wazee. Zote mbili zinahitaji maji mengi ya mshipa, na ile ya ketoni haiponi bila insulini.

Sukari kushuka

Ubongo hauna akiba ya kutosha ya glukosi. Sukari ikishuka chini sana kwa muda, mtu anapata degedege, anapoteza fahamu, na anaweza kubaki na ulemavu au kufa. Aliye macho hutetemeka, hutoka jasho na kusikia njaa kali. Aliyepewa dawa za usingizi haonyeshi chochote, na anayemtazama hudhani amelala vizuri.

Afrika Mashariki ina sababu za pekee za kuiogopa hali hiyo. Malaria kali yenyewe hushusha sukari, hasa kwa watoto na wajawazito. Kwinini, ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria kali, hulichochea kongosho litoe insulini zaidi. Jaribio lililofanyika katika vituo 11 vya Afrika, kikiwemo cha Muheza mkoani Tanga, na kutolewa mwaka 2010, lilionyesha kwamba watoto waliotibiwa kwa atesuneti walikufa wachache kuliko waliotibiwa kwa kwinini, na baada ya hapo atesuneti ikawa dawa ya kwanza. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, uchunguzi wa watoto waliolazwa, uliotolewa mwaka 2003, ulikuta sukari ya chini kuwa ya kawaida zaidi kuliko ya juu.

Kwa hiyo mwongozo wa kutibu sukari ya juu hauwezi kuhamishwa tu kutoka Leuven hadi wodi ambamo muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ana wagonjwa wengi na vibanzi vichache vya kupimia. Ikiwa kupima kila saa hakuwezekani, dripu ya insulini kwa sukari ya msongo ni ya hatari kuliko sukari yenyewe. Mtoto mwenye sukari ya chini hupewa glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha anapimwa tena.

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita

Bugarama ni kata ya Halmashauri ya Msalala, mkoa wa Shinyanga, jirani na mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001 kilomita 55 hivi kusini kwa ziwa Viktoria. Mgodi wa Geita ulikuwa umetangulia mwaka 2000. Kandokando ya migodi hiyo mikubwa kuna wachimbaji wadogo wengi na maduara yao, na katikati yake mashamba ya pamba, mpunga na mahindi.

Mazingira hayo yanazalisha karibu kila sababu iliyotajwa hapo juu. Maduara yanaporomoka na kuwafukia watu, pikipiki zinagongana, viuadudu vya pamba vinamezwa kwa bahati mbaya au kwa kukusudia, malaria ni nyingi, hasa mkoani Geita. Vumbi la mawe linaharibu mapafu ya wachimbaji na kufungua njia kwa kifua kikuu, ugonjwa unaoambatana na kisukari kwa karibu. Utafiti uliofanyika Mwanza na kutolewa mwaka 2011 ulikuta kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa wa kifua kikuu, dhidi ya asilimia 9.4 ya majirani zao wasio na ugonjwa huo.

Zamani kisukari kilikuwa nadra katika vijiji vya Tanzania. Uchunguzi wa daktari Donald McLarty na wenzake katika vijiji 6, uliotolewa mwaka 1989, ulikuta chini ya asilimia 1 ya watu wazima wanacho. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa kuwa wengi hawajawahi kupimwa, anayefika mahututi na sukari ya milimoli 18 anaweza kuwa na kisukari cha miaka ambacho hakuna aliyekijua, au sukari ya msongo ya jana. HbA1c ingesaidia kuwatofautisha, lakini Kanda ya Ziwa ndiyo pia sehemu ya Tanzania yenye selimundu kwa wingi.

Mgonjwa wa kata kama Bugarama hufikia kwanza zahanati au kituo cha afya. Kutoka huko anaweza kupelekwa Kahama, au hospitali ya rufaa ya mkoa ya Shinyanga au ya Geita, na akizidiwa hospitali ya kanda ya Bugando jijini Mwanza, iliyoanza kazi mwaka 1971. Jiji hilo liko kilomita 150 hivi kutoka Bulyanhulu. Kwa wanaopita njia ya Geita na Sengerema, kwa miaka mingi gari la wagonjwa lililazimika kuvuka ghuba ya Mwanza kwa kivuko cha Busisi na Kigongo. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3.

Safari ndiyo sehemu ambayo miongozo ya kimataifa haiizungumzii sana. Aliyeanzishiwa insulini kituoni na kupakiwa garini anaweza kwenda saa kadhaa bila mtu kumpima, na barabara mbovu haimruhusu muuguzi kuhesabu matone ya dripu. Iliyo salama kwa sukari ya msongo ni kupima, kuondoa dripu ya glukosi isiyohitajika, kutoa maji ya chumvi, kuanza dawa ya maambukizi, kisha kuandika katika karatasi ya rufaa kipimo cha sukari pamoja na saa kilipochukuliwa. Aliye na dalili za ketoni ni tofauti: huyo anaihitaji insulini mapema, na mtu wa kumpima njiani.

Ndugu nao wana sehemu yao. Katika hospitali nyingi chakula cha mgonjwa kinaletwa na jamaa, na soda, juisi na uji uliokolezwa sukari ndivyo vinavyohesabiwa kuwa chakula cha mtu dhaifu. Wauguzi wasipoulizia kilichonywewa, namba ya saa nne asubuhi haielezeki. Kuvikataza vyote si busara vilevile, kwani aliyedungwa insulini bila kula ndiye anayezimia.

Insulini kwa kawaida hutunzwa katika jokofu, nyuzijoto 2 hadi 8, na umeme wa vijijini hukatika. Shirika la Madaktari wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima jambo hilo kwa kufuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyokaa kwa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake kwa kiasi cha maana. Chupa iliyogandishwa, kwa upande mwingine, haifai tena.

Baada ya kupona

Sukari ya msongo kwa kawaida hurudi chini ugonjwa unapokwisha, na insulini inaachwa. Lakini waliowahi kuwa nayo hupata kisukari baadaye zaidi ya watu wengine, kwa hiyo wanashauriwa kupimwa tena miezi 2 au 3 baada ya kutoka hospitalini, wakiwa hawajala. Kipimo hicho kinapatikana hata katika vituo vya afya vingi. Kinachopotea mara nyingi ni habari: mchimbaji aliyelazwa Mwanza anarudi duarani, pengine anahamia machimbo mengine, na karatasi ya kuruhusiwa isipotaja kwamba sukari yake ilifika milimoli 16, hakuna atakayemwambia apimwe tena.